Nataka kumchukua mama nikae naye Uingereza, lakini sheria zao zimenichanganya

Asalamu aleikum, na shikamoo Bi Mshauri.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mtaa wa Kuze, na kwa sasa ni muuguzi katika mji wa Leeds, Uingereza, nilikofika mwaka 2019 kwa viza ya kazi. Mwaka 2024, baada ya kutimiza miaka mitano, nilipewa ukaazi wa kudumu. Nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala.

Mama yangu ana umri wa miaka 74 na ni mjane tangu mwaka 2011. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alipatwa na kiharusi. Akili yake ni timamu na maneno yake yanasikika, alhamdulillahi, lakini mkono na mguu wa kulia umelegea, naye hawezi kuoga, kuvaa wala kupika bila ya mtu kumsaidia. Nyumba yetu ni ya ghorofa, na ngazi zake ni zile za zamani, nyembamba na zenye mwinuko mkali, kwa hivyo tangu atoke hospitalini ameshuka chini mara nne tu, na mara zote alibebwa kitini.

Kaka yangu anaishi Kisauni na anafanya kazi ya zamu bandarini. Huja kumtazama mama kila anapopata nafasi, na mkewe huleta chakula siku za Ijumaa, ila naye ana watoto watatu wadogo. Mimi hutuma shilingi 45,000 kila mwezi kwa ajili ya dawa, chakula na mshahara wa msichana wa kazi. Katika miezi kumi na minne tumebadilisha wasichana watatu. Wa kwanza aliolewa, wa pili akapata safari ya kazi Saudia, na wa tatu alitoka nyumbani bila ya kuaga, mama akateleza msalani akakaa sakafuni tangu adhuhuri hadi baada ya alasiri, jirani aliposikia sauti yake. Mimi ninayeosha na kuwalisha wazazi wa watu wengine kila siku niliipata habari hiyo nikiwa zamuni, na nikashindwa kuimaliza zamu yangu.

Kuna wakala mmoja mjini aliyetuahidi kwamba kwa shilingi 380,000 atamtolea mama viza ya matembezi, na kwamba akishafika Leeds tutaomba ibadilishwe iwe ya kukaa. Nimekwisha kumlipa 60,000 za mwanzo, na kaka yangu hajui. Jirani yetu wa Kibokoni alimpeleka mamake Marekani bila ya matatizo, na binamu yangu aliye Ujerumani asema huko wazazi sasa wanaruhusiwa. Je, kwangu mimi njia ni ipi? Je, mapato yangu yatatosha? Je, kuwapo kwa kaka yangu Mombasa ni kikwazo? Na niseme la mwisho ambalo linanikosesha usingizi: nilipomweleza mama kuhusu safari hii alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu." Sijui kama alikuwa anakataa au alikuwa anaogopa.

Binti wa Kuze, Leeds

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu, na marahaba. Mwenyezi Mungu amjaalie mamako afya, na akutulize nawe moyo kwa saa zile za msalani, kwa kuwa naona katika maandishi yako kwamba bado unazibeba.

Kwanza, simamisha mara moja shauri la wakala. Viza ya matembezi ya Uingereza humruhusu mtu kukaa kwa kipindi kisichozidi miezi sita kila safari, kwa kawaida, na sheria haimruhusu mgeni aliyeingia kwa viza hiyo kuibadilisha akiwa ndani ili iwe viza ya mzazi anayekuja kutunzwa na mwanawe. Ombi la aina hiyo hufanywa mwombaji akiwa nje ya Uingereza. Aliyekwambia vinginevyo ama hajui, ama anajua na anakuuzia safari itakayomfanya mamako, katika umri wa miaka 74, awe mtu anayeishi nchini kinyume cha sheria. Nawe ni muuguzi, unajua kinachofuata: mgeni akilazwa katika hospitali za serikali kule Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya matibabu, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi kimoja hawezi kuahidiwa kwamba hatalazwa. Zaidi ya hayo, ikiwa wakala ataandika uongo katika fomu, kwa mfano kwamba mamako anakwenda harusini kwa wiki tatu na hali nyinyi nyote mnajua nia yenu, anaweza kukataliwa viza kwa udanganyifu na kufungiwa kuomba kwa miaka kumi. Adhabu hiyo ingemwangukia yeye, si wakala.

Sasa nije kwa jirani wa Kibokoni na binamuyo wa Ujerumani, maana hapa ndipo wengi wanaoniandikia hupotea, kwa kuchukua sheria ya nchi moja wakaifanya kipimo cha nchi nyingine. Marekani humruhusu raia wake aliyetimiza miaka 21 kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu, na wazazi wa raia hawawekewi idadi maalumu kwa mwaka. Mwenye kadi ya kijani peke yake, ambaye bado si raia, hana haki hiyo. Mtoto huyo hutia sahihi hati ya udhamini na kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao. Huko mzazi hatakiwi kuwa mgonjwa, anatakiwa kuwa mzazi tu. Ama Ujerumani, kwa muda mrefu mzazi wa mtu mzima alikubaliwa pale tu palipokuwa na ugumu wa kipekee, lakini sheria ilipanuliwa kwa wafanyakazi wenye ujuzi waliopewa kibali chao cha kwanza kuanzia tarehe 1 Machi 2024, kwa sharti kwamba gharama za maisha na bima ya afya ya mzazi zimehakikishwa. Kwa hivyo binamuyo huenda amesema kweli kuhusu nafsi yake. Kweli hiyo, hata hivyo, haivuki bahari ikaja Leeds.

Uingereza ilikuwa na njia pana zaidi kwa wazazi wazee hadi tarehe 9 Julai 2012, siku ilipoanza kutumika kanuni inayotumika hadi leo kwa watu wazima wanaowategemea jamaa zao. Tangu siku hiyo swali lilibadilika. Haiulizwi tena kama mama anategemea fedha za mwanawe, wala kama ni mpweke. Yanaulizwa mambo mawili mazito, na lazima yote mawili yathibitishwe. Je, kwa sababu ya umri, ugonjwa au ulemavu, mamako anahitaji kwa muda mrefu mtu wa kumsaidia katika mambo ya kila siku, kama vile kuoga, kuvaa na kupika? Na je, msaada huo, kwa kiwango anachokihitaji, haupatikani Kenya hata kwa fedha zako na jitihada zako, ama kwa sababu haupo na hakuna mtu awezaye kuutoa, ama kwa sababu gharama yake haimudiki?

Katika swali la kwanza, kwa maelezo yako, mamako anasimama vizuri. Katika swali la pili ndipo maombi mengi huanguka, nami sitaki kukuficha. Umesema unatuma shilingi 45,000 kwa mwezi na kwamba mmeajiri wasichana watatu. Afisa wa viza atakayeyasoma maneno hayo ataona kwamba msaada upo Mombasa na unalipiwa, ila waajiriwa hawadumu. Hapa pana jambo linaloniuma kila ninapolieleza: mtoto anayemjali mzazi wake na kumtumia kila anachohitaji hujiondolea hoja mwenyewe, kwa kuwa fedha zake zinathibitisha kwamba mzazi aweza kutunzwa pale alipo, na yule asiye na fedha huangushwa na sharti jingine, la kwamba awe na uwezo wa kumhudumia mzazi Uingereza bila ya kutegemea misaada ya serikali. Naiona kanuni hii kuwa ngumu kupita kiasi, na wapo mawakili waliokwenda nayo mahakamani kwa hoja hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuifuta. Hata hivyo ilitamka jambo ambalo unapaswa kulishika: matunzo yanayozungumziwa ni lazima yawe yale ambayo ni busara kumtarajia mtu huyo kuyapokea, na ya kiwango anachohitaji, na mahitaji ya nafsi na hisia yanaweza kuhesabiwa pamoja na ya mwili yakithibitishwa kitaalamu. Kwa hivyo daktari akiona kwamba tangu aanguke msalani mamako ameingiwa na hofu, halali, au anakataa kuhudumiwa na mtu asiyemjua, hilo nalo liandikwe katika ripoti yake.

Kuhusu kakako, ndiyo, atatajwa, na ni lazima umtaje wewe mwenyewe kabla ya kuulizwa. Usithubutu kumficha. Kanuni inataka kujua kama yupo mtu nchini awezaye kwa busara kumtunza mwombaji, na mtoto wa kiume anayeishi Kisauni ni mtu wa kwanza watakayemfikiria. Mwambie aandike barua yake mwenyewe, aambatanishe ratiba ya zamu zake kutoka kwa mwajiri, aeleze umbali, idadi ya watoto, na hali ya mkewe. Aeleze pia suala la stara, kwa uwazi na bila ya haya: kwamba kwetu sisi mtoto wa kiume kumwogesha mamake na kumsafisha ni jambo ambalo mama mwenyewe hulikataa hata akiwa mgonjwa taabani, na kwamba mkaza mwana hawezi kufanya kazi hiyo mara mbili kwa siku na huku ana watoto wachanga. Afisa anaweza kuzingatia mila za watu, lakini hawezi kuzikisia asipoelezwa. Sikuahidi kwamba hoja hii peke yake itashinda, ila nimeona watu wakiiacha nje kwa kuona aibu, na kisha kusoma katika barua ya kukataliwa kwamba "mwana wa mwombaji anaishi karibu".

Na hapo hapo nikuulize swali ambalo utaulizwa. Wewe unafanya kazi ya zamu. Usiku ukiwa wodini, ni nani atakayemtoa mama kitandani kumpeleka msalani huko Leeds? Ikiwa ni mumeo, basi lile suala la stara litakuwa limesafiri nanyi. Utatakiwa kutia sahihi ahadi kwamba kwa miaka mitano utabeba malazi, chakula na matunzo ya mamako bila ya msaada wa serikali, na ahadi hiyo inahitaji mpango ulioandikwa: utapunguza saa za kazi, au utamlipa mwanamke wa kumsaidia, na kwa fedha zipi. Kwa mzazi hakuna kiwango maalumu cha mapato kama kilivyo kwa mwenzi wa ndoa. Kinachotazamwa ni kama kinachobaki baada ya kodi ya nyumba chatosha watu wote mtakaokuwa chini ya paa moja, na kama nyumba haitakuwa imesongamana. Hati za mshahara, taarifa za benki na mkataba wa nyumba ndivyo vitakavyosema. Wewe una ukaazi wa kudumu, kwa hivyo unastahili kuwa mdhamini. Wenzako wa kazini ambao bado wako katika viza ya kazi hawawezi kuipitia njia hii, uwaambie wasije wakatumia fedha zao bure. Ujane wa mamako nao una maana hapa, kwa sababu mzazi aliye na mume au mke anayeishi naye hukubaliwa pale tu wote wawili wanapoomba kwa pamoja. Itafutwe basi hati ya kifo cha marehemu babako.

Hati zenyewe zitakuchukua muda, na ni afadhali uanze nazo hata kabla ya kuamua. Wazazi wetu wengi wa pwani walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga, hawana cheti cha kuzaliwa, na majina yao hutofautiana kutoka hati moja hadi nyingine: katika kitambulisho ameandikwa kwa jina la babake, katika hati ya ndoa kwa jina la babu, na katika cheti chako cha kuzaliwa karani aliandika alivyosikia. Kwa macho ya afisa asiyejua desturi zetu, hao ni wanawake watatu. Nenda katika msajili wa vizazi na vifo kwa usajili wa kuchelewa, uchukue nakala ya ndoa kwa Kadhi, na majina yakigongana apate hati ya kiapo kwa wakili inayothibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Pasipoti aombe kupitia eCitizen na kushughulikiwa katika afisi ya Uhamiaji hapa hapa Mombasa. Waraka wowote usio wa Kiingereza ufasiriwe na mfasiri anayetambulika.

Ushahidi wa matibabu ndio uti wa mgongo wa ombi zima. Usiridhike na karatasi ya nusu ukurasa inayosema kwamba mgonjwa "anahitaji uangalizi". Mwombe daktari anayemtibu, na kama alilazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani kule Makadara waombeni na muhtasari wa siku alizolazwa, aandike ni mambo gani hasa mamako hawezi kuyafanya, ni mara ngapi kwa siku anahitaji mtu, hali hiyo itadumu kwa muda gani, na nini kitatokea akikosa msaada huo. Kisha unahitaji ushahidi wa pili, tofauti na huo, kwamba matunzo ya kiwango hicho hayapatikani au hayamudiki. Ushahidi huo hutakiwa kutoka kwa mamlaka ya afya, kama vile Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa, serikali ya mahali, au daktari na mtaalamu mwingine wa afya. Barua ya imamu au ya mzee wa mtaa ina heshima yake lakini haiwezi kushika nafasi hiyo. Ikusanye pia historia ya wasichana watatu: lini kila mmoja aliajiriwa, alilipwa kiasi gani, aliondoka kwa sababu gani. Pata bei za maandishi kutoka kwa mashirika yanayopeleka wauguzi majumbani, ya usiku na mchana, na uzilinganishe na mapato yako. Ikiwa hesabu ya kweli ya wauguzi wawili wa kupokezana ni kubwa kuliko unavyoweza kulipa, basi umepata hoja yako. Ikiwa si kubwa kuliko uwezo wako, umepata jibu lako, na ni bora ulipate katika daftari lako kabla hujalipa ada.

Ada nayo si ndogo. Ni zaidi ya pauni 3,000 kwa mwombaji mmoja, fedha nyingi kuliko alizotaja wakala, na ombi likikataliwa hazirudi. Ongeza uchunguzi wa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa, ambao kila anayetoka Kenya kwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima aufanye, na safari ya Nairobi kwa ajili ya alama za vidole, ambayo kwa mtu wa hali ya mamako, hata kwa treni ya kutoka Miritini, yahitaji mtu wa kumshika mkono. Mtihani wa Kiingereza hautakiwi. Akikubaliwa, kwa kuwa wewe una ukaazi wa kudumu, naye hupewa ukaazi wa kudumu tangu anapoingia, na hutibiwa kama wakaazi wengine. Akikataliwa, ombi lake huchukuliwa kuwa linahusu haki ya maisha ya familia, na hivyo anayo nafasi ya kukata rufaa ndani ya siku 28 tangu kupokea uamuzi. Kwa sababu mengi yako katika namna ya kupanga ushahidi, tafuta wakili wa uhamiaji huko huko, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, yaani mamlaka ya Uingereza inayosimamia washauri wa uhamiaji. Kule Uingereza ni kosa la jinai mtu asiye na sifa hizo kutoa ushauri wa uhamiaji, na hilo ni kinga ambayo hapa kwetu huna.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo wote nilio nao. Utawasikia watu wakikwambia usimwajiri msichana mwingine, uache mambo yaharibike, ili faili lionekane zito. Usifanye hivyo. Ombi huchukua miezi, rufaa huchukua miezi mingi zaidi, na mamako anaoga leo. Mwezi huu, kabla ya hati yoyote, fanyeni mpango wa kumhamishia chumba cha chini au nyumba isiyo na ngazi, wekeni vyuma vya kushikilia msalani, ajirini wanawake wawili watu wazima wa kupokezana badala ya msichana mmoja, muwape mkataba wa maandishi, mshahara unaofuata kima cha serikali na siku ya mapumziko, maana msichana aliyekesha siku saba mfululizo ataondoka tu. Mtaalamu wa viungo amfikie kila wiki. Huenda mambo yakatengemaa kiasi kwamba ombi la Uingereza likadhoofika. Likidhoofika kwa sababu hiyo, mama yuko salama, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Njia ya matembezi ya kweli bado itakuwa wazi: aje kwako kwa miezi michache kwa viza halali na bima ya safari inayokubali ugonjwa alionao, daktari akiruhusu apande ndege, kisha arudi. Nawe uje kwa likizo zako.

Kuhusu maneno ya mamako, sidhani kwamba amekukatalia. Mwanamke aliyeishi Kuze kwa maisha yake yote anaijua sauti ya adhana kutoka upande gani, anajua nani atapanda ngazi alasiri kumletea habari za mtaa, na amekwisha kujua kaburi lake litakuwa karibu na la nani. Kwako atakuwa mtu anayesubiri mlango ufunguliwe saa kumi na mbili jioni, katika mji ambao majira ya baridi jua huzama kabla ya saa hiyo. Mpigie simu siku ambayo huna haraka, kakako asiwepo, na umuulize mambo mahususi: akienda angependa arudi kila baada ya muda gani, nani aishi katika nyumba, na Mungu akimchukua akiwa ugenini azikwe wapi. Mweleze kwamba hatapoteza uraia wake wa Kenya kwa kupata ukaazi, na kwamba anaweza kurudi kutembea, ila akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo ukaazi huo hupotea. Majibu yake yakiwa kwamba hataki, basi hakuna faili la kufungua, hata kama ungeshinda. Yeye ndiye atakayetia sahihi fomu hiyo, na akili yake ni timamu, umesema mwenyewe.

Ama zile shilingi 60,000, mweleze kakako leo. Yeye ndiye aliye Mombasa, na yeye ndiye atakayekwenda kwa wakala na risiti au ujumbe wa malipo kudai zirudishwe, pamoja na pasipoti na nakala zozote za hati za mama alizozichukua. Dai liwe la maandishi na lenye tarehe ya mwisho. Asiporudisha, peleka taarifa kituo cha polisi mkiwa na ushahidi huo. Hata fedha zisipopatikana, hakikisheni kwamba hajawasilisha ombi lolote kwa jina la mamako, na kama ameliwasilisha, mwambie wakili wako kabla hamjajaza fomu nyingine.